Mwaka Tulioonyeshwa Kadeshi

Walioketi chini siku ile, nyumbani kwa Gedeoni, mtaa wa Linden mjini Columbus, huku Marekani, ni hawa. Sifa, ambaye wengi walimwita Mama Amani kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mimi na yeye tulikuwa majirani kwenye kambi ya wakimbizi, na tukawa majirani tena hapa Louisville, mtaa wa Beechmont, yeye ghorofa ya juu na mimi chini yake. Neema, binti yake. Onesimo, kijana wa Kirundi aliyetaka kumwoa Neema, aliyetoka Lackawanna, jirani na Buffalo, alikokuwa anafanya kazi ya kiwanda. Gedeoni, kaka mkubwa wa Onesimo, mwenye nyumba, na mke wake Spesioza. Mama Riziki, ambaye hana undugu na yeyote kati ya hao, lakini hakuna msiba wala harusi aliyowahi kuikosa. Pasta Eliya wa kanisa letu la Beechmont, aliyetuendesha kwa gari lake. Na mimi, Mama Esta, ninayeandika. Watoto walikuwa chumba cha pili na televisheni yao, hao sikuwahesabu.

Huo ulikuwa mwaka 2015. Ninauandika sasa kwa sababu juzi tumemzika Sifa huko Lackawanna, alikohamia miaka ya mwisho akae na binti yake. Tulisimama kwenye baridi, koti juu ya koti, na Spesioza akaja akanishika kiwiko akaniuliza kama naikumbuka siku ya Kadeshi. Nikamwambia ile siku nani ataisahau. Basi wajukuu wakatugeukia, wakauliza kwa Kiingereza chao Kadeshi ni nini, ni mtu au ni chakula, na kila mmoja wetu akaanza kuwaeleza. Nilisikia mambo yakisemwa ovyo. Mmoja alisema Sifa aliacha dini siku ile. Mwingine alisema Gedeoni ndiye aliyekuwa amekana Biblia, na kwamba harusi ilivunjika kwanza ikaja kufungwa baadaye. Hapana. Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini nilikuwepo, na nilikuwa nimekaa karibu na Sifa kiasi cha kusikia pumzi yake.

Lazima nianze na Amani. Alifia kambini kwetu, mkoa wa Kigoma, kwa homa, wiki ile ile kambi ilipokuwa inafungwa na watu wanahamishiwa kambi nyingine. Tulimzika asubuhi. Tukawasha moto wa kilio uani, tukatandika mikeka, na kabla hata usiku haujaingia tuulalie, malori yalifika, na mtu mwenye kipaza sauti akaanza kuita familia moja moja. Sifa alipandishwa lori akiwa bado na udongo wa kaburi kwenye kucha. Ule moto niliuzima mimi, kwa maji ya kuoshea vyombo, maana tuliambiwa hakuna kuacha moto nyuma. Sasa kwetu Fizi, Kongo, msiba hauachwi hivyo, unafungwa. Watu wanalia siku zao, halafu wanarudi kaburini wanalifagia, shangazi wa marehemu anamnyoa mama nywele, anampaka mafuta, anamfunga kitenge kipya. Mama ambaye msiba wake haujafungwa hamshiki mkono bibi harusi, hata awe binti wa tumbo lake, wala hamvishi kitu. Watu wanaogopa kifo kitatoka kwenye mkono wake kiingie kwa yule binti, na binti asizae, au azae azike. Unaweza kucheka. Mimi nina miaka hii yote na sicheki. Miaka yote ya kambi ya pili, na miaka yote ya Beechmont, Sifa hakuvaa kitambaa cha rangi kichwani na hakucheza kwenye sherehe ya mtu.

Kwa hiyo Onesimo alipokuja kumwomba Neema, furaha haikumaliza hata jioni moja. Neema alisema hawezi kuolewa kama mama yake hatamshika mkono kumtoa mlangoni. Sifa alisema hatamshika mpaka kaburi la kaka yake lifagiliwe. Yule alilia chumbani, huyu alilia jikoni, na mimi chini yao nilisikia wote wawili kupitia dari. Neema akapata akili. Alimpigia binamu yake Yosefu, anayeishi Kasulu, aende na pikipiki kwenye ile kambi ya zamani, atafute kaburi, alifagie, apige picha. Siku majibu yalipokuja nilikuwa juu kwao. Naikumbuka meza ile: mfuko wa sombe ya barafu, yale majani ya muhogo, kutoka duka la Waafrika umelala kwenye sinia unayeyuka, ndagala, dagaa wetu, kwenye bakuli, na Sifa anawatoa vichwa. Neema aliingia ametoka kazini ghalani, hajavua hata viatu vyake vizito vya kazi.

“Mama, Yosefu alifika.”

“Alifika wapi?”

“Kule kambini. Anasema hakuna kitu. Iko miti tu. Alizunguka mchana mzima, hakuona bomba la maji, hakuona kanisa, hakuona hata kaburi moja.”

Sifa aliendelea na ndagala wake. “Hakufika.”

“Alifika, mama. Picha ndiyo hii.”

“Miti iko kila pahali. Alisimama kando ya barabara, akapiga picha miti ya watu, akarudi kwake kula.” Akanitazama mimi. “Dada, wewe sema. Watu wengi vile, miaka mingi vile, watu wanazaa, wanazika, wanajenga. Itakuwa miti?” Kabla sijajibu akaendelea mwenyewe, na vijineno vyake vya Kifaransa. “Bon. Waisraeli walikaa Kadeshi. Kambi kama sisi, hema kama sisi, kugombania maji kama sisi. Dada yake Musa alifia pale, wakamzika pale. Ni zamani hiyo, hakuna anayeweza kuhesabu. Fungua Biblia huko nyuma kwenye ramani. Kadeshi iko. Sasa kambi yetu ya juzi ndiyo itapotea?”

Mimi nilimwamini. Ni kosa la watu waliokaa kambini. Mwingine akisoma jangwa anawaza mchanga na jua; sisi tulikuwa tunawaza mitaa, foleni, vyoo, na upande wa makaburi. Ile nukta ndogo kwenye ramani, imeandikwa Kadeshi, tuliielewa kwamba watu walikwenda wakaikuta kambi yenyewe imelala pale, na makaburi yake yamejipanga, na moja kati ya hayo ni la Miriamu. Hakuna mtu aliyetuambia hivyo. Ila hatukuwahi kufikiria vingine.

Ndipo habari ikaja kwamba Gedeoni, ambaye siku za kazi alikuwa anapakia mizigo na siku za mapumziko anasoma chuo cha Biblia, alikuwa ametoka kusoma habari za Kadeshi, na ana picha za waliochimba pale. Sifa alifurahi, na sijamwona akifurahi namna ile tangu tufahamiane. Alisema, “Mkwe amesoma. Atuonyeshe, na Neema aone kwa macho yake, halafu tutamtuma Yosefu tena na safari hii afike kweli.” Kwa kuwa familia zilikuwa bado hazijaketi pamoja, ikapangwa mambo yote mawili yafanywe siku moja: wakwe wajuane, wale, halafu tuonyeshwe Kadeshi. Onesimo alisafiri kutoka Lackawanna. Sisi tulipanda gari la Pasta Eliya, Mama Riziki akakaa mbele bila kualikwa akae mbele.

Spesioza alikuwa amepika kama mtu anayeoza watoto wake wote kwa siku moja. Maharage ya Kirundi yenye mawese, ndizi, wali, kuku, na kwa ajili yetu Wakongo bugali, ugali wetu, mgumu, vizuri. Nyumba yao ya Linden ilikuwa ndogo, ya mbao, sakafu inalia ukikanyaga, lakini sebule ilikuwa pana na sofa zake mbili nzito za kahawia. Onesimo aliketi na magoti yamebana kama yuko mtihanini. Mama Riziki akamwambia, “Wewe kijana, pumua, bado hatujakukataa,” na Neema akacheka mpaka akakohoa. Tulikula. Sifa alikula. Baadaye Gedeoni akafunga pazia, akatundika shuka jeupe ukutani, akawasha kimashine cha kuonyesha picha alichoazima chuoni kwake. Ilikuwa mchana, mwanga unapenya pembeni mwa pazia, na picha ya kwanza ilikuja hafifu: vilima vitupu, vya rangi ya mkate, na katikati bonde la kijani lenye miti na maji yanayotembea.

“Ni pazuri,” Sifa alisema taratibu. “Yosefu angeona maji hayo.”

Picha ya pili ilikuwa kilima kidogo cha udongo. Ya tatu, kuta za mawe, zimekatika. Mama Riziki akasema, “Mkwe, hayo mawe tumeyaona. Tuonyeshe hema.”

Gedeoni alikuwa mtu mpole, wa kuongea Kiswahili cha Tanzania kilichonyooka, kwa sababu alizaliwa na kukulia kambini huko huko. Alisimama kando ya shuka na sura ya mtu aliyegundua amefungua mlango wa chumba ambacho hakijafagiliwa. “Mama, hizi kuta si za kambi. Ni ngome.”

“Ya Musa?”

“Hapana mama. Ya wafalme waliokuja baadaye sana. Walichimba wakakuta ngome tatu, moja juu ya nyingine, na birika la maji, na vyungu vilivyofinyangwa kwa mkono. Wengine wanasema baadhi ya vigae ni vya zamani kidogo kuliko ngome, bado wanabishana. Lakini vya wale watu wa jangwani, waliotoka Misri, hawajapata.”

“Hawajapata nini?”

“Chochote, mama.”

Friji la jikoni lilikuwa linanguruma, na nikalisikia kana kwamba liko mapajani mwangu. Sijui namna nyingine ya kulieleza: nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, nimeona vita, nimevuka ziwa, na neno lile la Gedeoni, alilolisema kwa upole na shikamoo yake yote, lilinikamata mahali ambapo risasi hazikuwahi kufika. Pasta Eliya alikuwa amevua miwani anaifuta shati, anaifuta tena. Alikuwa amehubiri Kadeshi kwetu sijui mara ngapi.

Sifa akauliza, “Na hiyo nukta kwenye ramani?”

“Walikisia, mama. Kukisia kwa watu waliosoma, lakini ni kukisia. Mwanzoni walisema ni chemchemi nyingine, ndogo, jirani hapo, kwa kuwa jina lake linafanana na Kadeshi. Baadaye wengi wakahamia hapa kwa sababu hapa pana maji ya kutosha watu.”

“Donc hata pahali penyewe hawapajui vizuri.”

“Hawana uhakika.”

Mama Riziki akamgeukia. “Na chuo hicho unakilipa wakufundishe hivyo?” Mtu mmoja angecheka siku nyingine. Gedeoni akajibu kwamba hajasema watu wale hawakuwepo. Amesema tu kwamba watu wa hema wakiondoka na hema zao hakibaki kitu cha kuokota, na yeye mwenyewe bado anaamini. Lakini hakuna aliyekuwa anamsikiliza Gedeoni tena. Tulikuwa tunamtazama Sifa, na Neema alikuwa amefunika mdomo kwa viganja viwili, kwa kuwa alikuwa amehesabu haraka kuliko sisi: kama Kadeshi haiko, Yosefu alifika, na kama Yosefu alifika, kaburi halitafagiliwa, na kama kaburi halitafagiliwa, hakuna harusi.

“Na Miriamu,” Sifa alisema. “Walimlilia siku ngapi?”

Lilikuwa swali ambalo hakuna aliyelitarajia. Pasta Eliya ndiye aliyefungua Biblia, nadhani alifurahi kupata kazi. Alisoma kitabu cha Hesabu, ule mlango ambao Miriamu anafia Kadeshi na kuzikwa hapo. Akakomea mstari huo. Sifa akamwambia aendelee. Mstari unaofuata ni maji: watu hawana maji, wanamjia Musa juu, wanagombana naye. Sifa akasema, “Hapana, Pasta, umeruka. Soma kilio.” Pasta akarudi nyuma, akasoma tena, kidole kwenye mstari. Hakuna. Haruni, ndugu yake, kwenye mlango ule ule, alipofia mlimani nyumba yote ya Israeli ilimlilia siku thelathini. Musa naye, siku thelathini. Miriamu alizikwa, na mstari wa pili ni ugomvi wa maji. Mimi nilikuwa nimeusikia mlango ule tangu nina meno ya utoto na sikuwahi kuona kwamba kuna kitu hakipo pale.

“Walimzika wakaenda kugombania maji,” Sifa alisema. “Halafu wakahama.”

“Haikuandikwa, Mama Amani,” Pasta alisema. “Labda walilia, haikuandikwa tu.”

“Labda.” Alinyanyuka. Onesimo naye akanyanyuka, nafikiri alidhani tunaondoka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa. Sifa hakwenda mlangoni. Alikwenda kwenye sofa la kahawia, akalishika upande mmoja, akaanza kulivuta. Lilikuwa zito, likakwaruza sakafu kwa sauti mbaya. Spesioza akaja mbio kutoka jikoni na taulo mkononi. “Mama, unatafuta nini? Kuna kilichoanguka?”

“Mikeka,” Sifa alisema. “Kama hakuna mikeka, mablanketi. Leo tunamlilia Amani. Hatukumaliza.”

Wasomaji ambao si wa kwetu inabidi niwaambie jambo hili lilikuwa la namna gani. Mama wa bibi harusi amekwenda kwa wakwe kwa mara ya kwanza, amekula chakula cha furaha, na sasa anaondoa sofa za wakwe aketi chini awashushie msiba nyumbani mwao. Sikuwahi kuona, sikuwahi kusikia, na sijasikia tena mpaka leo. Mama Riziki, ambaye ana neno kwa kila jambo, alikaa mdomo wazi na mfupa wa kuku mkononi. Nilimshika Sifa kanzu nikamnong'oneza, “Mdogo wangu, si hapa. Twende tukalie kwetu Beechmont.” Akanijibu bila kunong'ona, “Kwetu ni wapi, dada? Ile iko miti.” Nikaachia kanzu yake.

Aliyetuokoa alikuwa Gedeoni. Alikwenda upande wa pili wa sofa, akalinyanyua, wakalitoa pamoja yeye na ndugu yake mpaka barazani. Akarudi akalitoa la pili. Spesioza akaleta mablanketi ya watoto, yenye picha za magari, akatandika. Gedeoni akazima kimashine, shuka likabaki jeupe ukutani. Tuliketi, wale niliowataja mwanzo, Wakongo na Warundi goti kwa goti, na Sifa akaanza. Hakuanza kwa kulia. Alianza kwa kusema jinsi Amani alivyokuwa anatembea, mguu mmoja unakanyaga ndani, jinsi alivyokuwa anapenda ukoko wa bugali, jinsi alivyomwita Neema “mkuu wa kambi” kwa sababu ya ubishi. Neema akasema, “Sikujua hiyo,” kwa sauti ya mtoto, na ndipo kilio kilipotoka. Onesimo alimlilia shemeji ambaye hakuwahi kumwona. Watoto walifungua mlango, wakatuangalia, wakafunga.

Tulilala pale pale chini. Onesimo alikuwa na shifti siku iliyofuata, hakwenda. Kilio kilikwenda siku zake zote, tukala mabaki ya ule ule wali wa furaha, sasa umekuwa wali wa msiba, na majirani wawili Warundi walikuja na vitunguu na mkaa bila kuuliza ni nani aliyekufa. Mwishoni Sifa aliniambia nimnyoe. Nikamwambia mimi si shangazi wa Amani, sina damu yake hata kidogo, nitakuwa nimefanya kitu kibaya. Na kaburi halijafagiliwa. “Nilitaka lifagiliwe kwa sababu niliwaza limechafuka,” alisema. “Kumbe hakuna mtu anakanyaga pale. Nyoa tu.” Nilimnyoa kwa mashine ya kunyolea ya Gedeoni, juani, nyuma ya nyumba. Mpaka sasa sijui kama nilikuwa na ruhusa. Spesioza alileta mafuta, na kitenge kipya alichokuwa amekiweka kwa ajili ya harusi, na Mama Riziki alikifunga.

Kuhusu Kadeshi yenyewe, wajukuu wananiuliza ninasemaje. Niliporudi nyumbani mwaka ule niliiangalia ile ramani ya nyuma siku nyingi. Nilikasirika na aliyechora ile nukta bila kutuambia kwamba anakisia. Baadaye hasira iliisha. Naamini walikuwepo, kwa sababu nami nilikuwepo mahali ambapo sasa pana miti. Lakini Gedeoni ninamshukuru, na nilimwambia hivyo juzi Lackawanna, akainama kichwa, bado mpole vile vile, sasa na mvi.

Harusi ilifungwa Lackawanna, mwaka huo huo, kabla theluji haijaanza, katika kanisa la kuazima lenye kuta za matofali na madirisha yanayoruhusu upepo. Mimi niliogopa. Ninasema kweli, niliogopa ule mkono. Sifa alikuja na kichwa chake kilichonyolewa na kitambaa cha manjano, akamfunga Neema kitenge begani, watu wote wakatazama. Kisha akanyoosha mkono, akausimamisha hewani. Nilifikiri atashindwa. Neema hakungoja, alimkamata mama yake vidole vyote, wakatembea. Walipofika mbele, Pasta Eliya alisubiri mama amwachie binti, kama inavyofanyika. Sifa hakuachia. Pasta akakohoa. Akasema, “Mama Amani, sasa tunampa Onesimo.”

Sifa akasema, “Endelea tu, Pasta. Mimi siolewi, ninashika.”

Watu walicheka mpaka benchi zikalia, na Pasta akaendelea, na walisimama watatu mbele ya kanisa wakati wote wa viapo. Mama Riziki anasema Sifa aliachia walipofika kwenye pete, ili kidole kipatikane. Onesimo anasema aliachia mapema zaidi. Mimi nilikuwa benchi la pili, upande wa ukuta, na niliona pete inavishwa mkono mmoja na mkono wa pili bado umeshikwa. Lakini macho yangu siku ile yalikuwa na maji. Kama ulikuwepo, na uliona vingine, au kuna jina la mtu aliyeketi kwenye yale mablanketi ambalo nimeliacha, njoo uniambie, nitaandika upya.